Mwosha maiti wa Uyole anayewarudisha wanawake kliniki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umefunika mashamba ya viazi, na malori yaliyolala Uyole yanaanza kuunguruma, moja baada ya jingine, yakijiandaa kwa safari ya Tunduma. Asmaa Ahmadi, amevaa sweta zito juu ya dera na mtandio kichwani, anasimama mbele ya mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Anapiga hodi.

Hatua zinakaribia mlango. Kisha sauti ya mwanamke inauliza bila mlango kufunguliwa:

“Nani amekufa?”

“Hajafa mtu, Mama Fred. Leo kliniki.”

Kicheko kinasikika, halafu komeo linavutwa. Anayetokea ni Tumpe, muuza mchele wa Sokoni Uyole, ameshavaa viatu na mkoba uko begani. Alikuwa tayari muda mrefu. Swali lile, anasema, ni utani wao wa kila mwezi.

“Zamani nilikuwa nauliza kweli,” anasema Tumpe huku akifunga mlango. “Huyu mama ukimuona asubuhi nyumbani kwako, moyo unadunda. Unaanza kuhesabu ndugu zako.”

Hofu hiyo ina sababu. Kwa zaidi ya miaka ishirini, Asmaa, mwenye umri wa miaka 56, amekuwa akiosha maiti za wanawake wa Kiislamu Uyole na mitaa ya jirani. Simu yake inapoita mapema, mara nyingi kuna msiba. Anachukua kapu lake lenye kafuri, pamba na majani ya mkunazi yaliyotwangwa, anakwenda.

Kazi hiyo haina mshahara. “Ile ni ibada,” anasema. “Mimi nakula kwa viazi.” Ana meza yake sokoni, ambako huuza viazi mviringo vinavyotoka mashamba ya Umalila na Isyonje. Msimu ukiwa mzuri anachukua magunia mengi, ukiwa mbaya anauza kwa kisado na kuongeza vitunguu pembeni.

Asmaa alizaliwa Iringa mjini. Babu yake alitoka Kilwa na marobota ya nguo akafungua duka Iringa, na hakurudi tena pwani. Asmaa aliolewa Mbeya na fundi wa malori, na mama mkwe wake, ambaye naye alikuwa mwosha maiti, ndiye aliyemfundisha.

“Aliniambia mambo mawili,” anakumbuka. “Maji yawe ya uvuguvugu, kama unamuogesha mtoto. Na ulichokiona kwenye mwili wa mtu, usikitoe nje. Hata akikuuliza mumeo.”

Sharti hilo la pili lilikuja kumpa taabu baadaye, alipotaka kuwaambia watu kile alichoanza kukihisi.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 misiba ilikuja kwa kufuatana. Watu hawakupenda kutaja jina la ugonjwa. Walisema marehemu alipata changamoto ya upumuaji, wakaishia hapo. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakiosha pamoja na Asmaa walikaa pembeni, na yeye hawalaumu.

“Walikuwa na watoto wadogo, wengine wanakaa na wazazi wao wazee. Hata mimi niliogopa. Nikikwambia sikuogopa nitakuwa nakudanganya. Lakini nikawaza, huyu dada amelala pale ndani, wanawe wako ukumbini wanalia, sasa nani amuoshe?”

Aliyemsaidia ni jirani yake Faustina, muuguzi wa zahanati, Mkatoliki kutoka Ifunda mkoani Iringa. Faustina alimletea glovu na barakoa, akamwonyesha jinsi ya kuvaa na kuvua bila kujigusa usoni, akamwambia wafungue madirisha yote kabla ya kuanza.

“Nilimwambia, dada Asmaa, siwezi kukuzuia, basi acha nikuonyeshe,” anasema Faustina.

Kila alipotoka kuosha, Asmaa alikuta ndoo ya maji ya moto nyuma ya nyumba. Mume wake ndiye aliyeiweka. Alioga hapohapo, akafua nguo zake, na kwa wiki nyingi alilala stoo, kati ya magunia ya viazi, ili asiwaletee ugonjwa wa nyumbani.

Kisha misiba ikapungua. Barakoa zikaanza kuning’inia kidevuni, baadaye zikapotea. Ndoo za kunawia mikono sokoni zikageuka za kubebea maji ya chai. Asmaa akarudi kulala chumbani.

“Tukasema yameisha,” anasema. “Kila mtu alisema hivyo. Hata mimi.”

Mdogo wake, Zuena, alikuwa na mgahawa Nyololo, kando ya barabara kuu, wilayani Mufindi. Madereva walimjua kwa chapati zake na maharage ya nazi, chakula ambacho si cha kawaida katika baridi ile. Alikuwa na presha tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na kila mwezi alipanda gari kwenda kliniki Mafinga. Hakukosa. Hata siku ya mnada, wateja wakiwa wamejaa, alimwachia mume wake jiko akaenda.

Korona ilipoingia, Zuena akaacha. Asmaa anakumbuka walivyobishana kwenye simu.

“Dada, hospitali ndiko ugonjwa uliko,” Zuena alimwambia. “Nikakae kwenye benchi na watu wanaokohoa, nirudi niwapikie watu chakula? Hapana.”

“Na dawa je?”

“Nanunua hapa dukani.”

Kwa muda alinunua kweli. Baadaye akawa anameza siku ambazo kichwa kinauma tu. Kisha akaona kichwa hakiumi, akaacha kabisa. Hofu ya korona ilipokwisha, Asmaa alimhimiza arudi kliniki. Zuena akawa na sababu nyingine.

“Aliona aibu,” anasema Asmaa. “Aliniambia, nikienda pale wataniuliza, mama ulikuwa wapi miaka yote hii? Halafu alikuwa anajisikia mzima. Anapika, anacheka, amenenepa. Mtu mzima kama yule unamwambiaje ni mgonjwa?”

Julai 2023, asubuhi ya baridi kali, Zuena alikuwa akimmiminia chai dereva mmoja wa lori. Mkono ukalegea, birika likaanguka, naye akaanguka juu yake. Kiharusi. Alifikishwa hospitali akiwa hai, lakini hakurudi kuzungumza. Alifariki siku iliyofuata akiwa na miaka 47.

Asmaa alipanda basi la kwanza kwenda Nyololo. Alipofika, wanawake wa pale walikuwa wameshachemsha maji. Walimpokea kwa “kamwene”, salamu ya Kihehe, za chini chini, wakamvuta kwenye mkeka.

“Dada, wewe leo kaa,” mmoja wao alimwambia. “Tutamuosha sisi.”

“Hapana,” Asmaa alijibu. “Nileteeni maji.”

Anaikunja pembe ya mtandio wake, anaikunjua.

“Nimeosha wanawake wengi, lakini yule nilimuogesha akiwa mtoto. Mama alikuwa akienda shamba ananiachia. Kwa hiyo mikono ilijua. Nilikuwa naosha huku nasema naye kimoyomoyo, geuka mdogo wangu, geuka huku. Sikulia mpaka tulipofunga sanda.”

Maneno yaliyomkaa kichwani aliyasikia baada ya maziko. Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, alimshika bega akamwambia: “Mshukuru Mungu, presha tu hii. Afadhali hakufa na korona.”

Kwenye basi la kurudi Mbeya, Asmaa alikaa dirishani. Misitu ya misonobari ikapita, ikaja Makambako, likaja bonde la Usangu. Yeye alikuwa bado na yale maneno.

“Nikawa najiuliza, hakufa na korona, sawa. Lakini kabla ya korona alikuwa hakosi kliniki. Sasa nani aliyemtoa kule? Nikaanza kuwakumbuka wengine. Wanawake niliowaosha mwaka ule na mwaka wa nyuma yake. Watoto wao huwa wanasema pale nje, mama alikuwa na presha, mama alikuwa na sukari, aliacha kwenda. Nilikuwa nasikia bila kusikiliza.”

Rabson Mwaipopo, mtafiti wa takwimu za vifo ambaye amestaafu na sasa analima parachichi nje kidogo ya jiji la Mbeya, anasema swali la Asmaa ndilo ambalo wenzake wanalihangaikia.

“Watu wanadhani janga likipita, vifo vinarudi pale vilipokuwa, kama maji ya mafuriko yanavyorudi mtoni,” anasema. “Haiendi hivyo. Kwanza wanaweza kuondoka wazee na wagonjwa ambao wangeishi miaka michache zaidi, kwa hiyo baada ya hapo kwa muda vifo vinaonekana vichache. Unafurahi. Kumbe kuna wengine wako njiani. Aliyeacha dawa. Mtoto aliyekosa chanjo. Mwanamke aliyeogopa kujifungulia hospitali. Hawa hawaji kwa pamoja. Wanakuja mmoja mmoja, kwa miaka, na kila mmoja anakuja na jina la ugonjwa mwingine.”

Anaongeza kuwa katika nchi ambayo wengi hufia nyumbani na chanzo cha kifo hakiandikwi na daktari, ni vigumu kuliona jambo hilo mapema. “Takwimu zitasema. Ila zitachelewa kusema.”

Je, Zuena angekuwa hai leo kama pasingekuwa na korona? Mzee Rabson anatikisa kichwa.

“Siwezi kukuapia kwa mtu mmoja. Presha inaua hata anayekwenda kliniki. Ninachoweza kusema ni kwamba ukiwa na wanawake wengi kama yeye, walioacha dawa kwa pamoja, baadhi yao watakufa mapema kuliko ilivyopaswa. Ni yupi, hapo sijui.”

Kisha anataja miaka ambayo watu wa Mbeya na Iringa hawahitaji kukumbushwa, ile UKIMWI ulipokuwa ukizika vijana. Yeye mwenyewe alizika kaka zake. “Ule nao uliharibu hesabu za vifo kwa kizazi kizima. Ugonjwa haujaondoka mpaka leo. Vifo vilishuka kwa sababu dawa zilikuja, na kwa sababu watu walifuatwa mpaka nyumbani kwao. Mtu akikosa kliniki, kuna mtu anakwenda kubisha hodi.”

Kubisha hodi ndiko Asmaa alikoamua kufanya, bila kuagizwa na mtu yeyote.

Alianza kwa kumfuata Faustina, akamuomba majina ya wanawake walioacha kuhudhuria. Faustina alikataa.

“Siri za wagonjwa wangu siwezi kukupa, dada.”

“Na mimi za kwangu siwezi kukupa wewe,” Asmaa alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Wakakubaliana kwamba Asmaa azungumze na wale anaowajua mwenyewe, wa sokoni na wa mtaani, na asisimulie habari za maiti yeyote isipokuwa ndugu yake. Hata hilo aliliombea ruhusa. Alimpigia shemeji yake Obeid, mume wa Zuena. Obeid alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Waambie. Na mimi nisingependa mwenzangu apikiwe chai na mtoto wa miaka kumi na mitatu, kama ninavyopikiwa mimi.”

Mwanzo ulikuwa mgumu kuliko alivyotarajia. Mwosha maiti anapokuuliza hali ya afya yako, si kila mtu anasikia upendo. Wanawake walianza kupita njia nyingine sokoni ili wasikutane na meza yake. Uvumi ukatoka kwamba Mama Anwari, kama wanavyomwita kwa jina la mwanawe, “anatafuta kazi”. Wateja wake wa viazi wakapungua. Viazi vikaota machipukizi mezani.

“Mume wangu aliniambia, mke wangu, acha, tutakula nini?” anasema. “Nilikuwa karibu kuacha kweli.”

Nyumba ya Tumpe ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumfukuza. Meza zao zilikuwa jirani, na Asmaa alijua kwamba kabla ya korona Tumpe alikuwa akimeza dawa za presha. Mlango ulifunguliwa na mume wake, Andendekisye, fundi ujenzi, mtu mrefu asiye na maneno mengi.

“Mama, nakuheshimu sana,” alimwambia. “Lakini nyumba hii haina maiti.”

Asmaa akaondoka. Baada ya siku chache akarudi, wakati huu mchana, Tumpe akiwa uani anapepeta mchele. Tumpe hakusimama.

“Umekuja kunipima urefu wa sanda?” alimuuliza. “Umepotea nyumba. Mimi Mmoraviani, hata nikifa hutaniosha wewe.”

“Ndiyo maana nimekuja,” Asmaa alisema. “Kwako sina kazi. Ukifa mimi sipati hata thawabu ya kukuosha. Nitakaa pale nyuma na kina mama wengine, nile pilau nirudi nyumbani. Sasa kwa nini ningetaka ufe?”

Tumpe anasema alikaa na ungo mkononi, akashindwa kujizuia kucheka. Akamkaribisha kwenye kigoda. Hapo ndipo Asmaa alipomsimulia habari za Zuena, kuanzia chapati mpaka birika.

“Alipofika pale aliposema mdogo wake aliona aibu kuulizwa ulikuwa wapi, nikaona ananisema mimi,” anasema Tumpe. “Ile ndiyo ilikuwa inanizuia. Korona ilishaisha siku nyingi. Nilikuwa naogopa kugombezwa na manesi.”

Wakaenda pamoja wiki hiyohiyo. Faustina hakumgombeza. Alimfunga kitambaa cha mashine mkononi, akatazama, akamfungua, akamwambia apumzike kidogo. Akapima tena. Kisha akatoka nje kuita bajaji.

“Nilimuuliza, sista, kwani vipi?” anakumbuka Tumpe. “Akaniambia, mama, hata kutembea usitembee. Panda hapa tukupeleke hospitali sasa hivi. Na mimi nilikuwa sisikii kitu! Nilikuwa nimeacha mchele jikoni.”

Alilazwa kwa siku kadhaa mpaka presha iliposhuka. Daktari alimwambia alikuwa amebakiza kidogo sana apate kiharusi.

Asubuhi moja baada ya hapo, lori la viazi lilisimama sokoni, na Asmaa akawa anatafuta wabebaji. Andendekisye akatokea. Alimsalimia, akainama, akaweka gunia mabegani, akalipeleka mpaka kwenye meza yake. Akarudi kuchukua jingine. Alipomaliza yote alijipangusa vumbi.

“Ndaga, mama,” alisema, asante kwa Kinyakyusa, akaondoka zake kazini.

Habari hiyo ilizunguka soko zima kabla ya saa sita. Waliokuwa wakimkwepa Asmaa wakaanza kusogea, wengine wakijifanya wanauliza bei ya viazi. Wateja wakarudi.

Si wote waliofika kwa wakati. Benedicta, mshona nguo ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye baraza la duka moja karibu na stendi, alimwahidi Asmaa mara tatu kwamba atakwenda. Kulikuwa na sare za shule za kumalizia, kisha Pasaka, kisha harusi ya mpwa wake. Alifariki Mei mwaka jana, kabla hajafika kliniki. Asmaa alisimama nyuma makaburini, kati ya Wakatoliki wenzake Benedicta, akiwa na mtandio wake.

“Nilikuwa na gauni langu kwake,” anasema. “Bado sijalichukua.”

Faustina naye anakiri kuwa kumrudisha mtu kliniki si mwisho wa safari. Kuna miezi dawa fulani hazipatikani zahanati, na mgonjwa anaambiwa akanunue. Wenye mtaji mdogo hununua nusu ya dozi. “Hapo mimi na dada Asmaa hatuna la kufanya zaidi ya kusema na kusema tena,” anasema. Lakini anaona tofauti. Benchi la siku ya kliniki, ambalo baada ya korona lilikuwa na nafasi, sasa linajaa mpaka wengine wanakaa kwenye majani.

Asubuhi ya leo benchi limejaa. Asmaa na Tumpe wamewapitia wanawake wengine njiani, na kundi zima limeingia likizungumza bei ya mchele. Wakristo na Waislamu wamebanana, mapaja kwa mapaja, kwa sababu ya baridi. Siku za kliniki Asmaa hufungua meza yake mchana, wakati wanunuzi wa jumla wameshaondoka. Anasema amezoea.

Mipango anayo. Amezungumza na uongozi wa soko ili ipatikane kona moja yenye meza na mashine ya kupimia presha, Faustina aje siku moja kila wiki, watu wapimwe bila kuacha biashara zao. Wamekubali kutoa kona. Mashine bado. Na kila anapokwenda Nyololo kumtazama Obeid na watoto, anakaa mgahawani, ambao sasa unaendeshwa na binti mkubwa wa Zuena, akizungumza na kina mama wa pale. Anataka na wao wawe na kundi lao la kwenda Mafinga.

Anapoulizwa anatarajia nini mwishoni mwa yote haya, Asmaa hafikirii sana.

“Sisemi watu wasife. Watakufa, na kuosha nitaosha, mpaka na mimi nioshwe. Lakini nataka wanaonijia wawe vikongwe. Bibi mwenye mvi, meno yameisha, vitukuu wamejaa uani wanapigana. Yule hata ukimuosha, unamuosha kwa raha. Miaka hii nimeosha wengi ambao nywele zao zilikuwa bado nyeusi. Nimechoka na hao.”

Mlango wa chumba cha kupimia unafunguliwa. Faustina anachungulia, anaangaza macho kwenye benchi.

“Asmaa Ahmadi!”

Wanawake wanampisha. Asmaa anavua mkono mmoja wa sweta lake zito, anaukunja mkono wa dera mpaka juu ya kiwiko, na kuingia ndani kupimwa.